Chakula cha Watu Wanne

Barua ilitoka Kanada na kwa wiki moja ikasomwa na watu wengi kuliko Waraka kwa Warumi. Mzungu na mke wake, waliokaa misheni yetu karibu na Nunguni miaka mingi, walikuwa wamerudi kwao, na nyumba ya wazee ya kanisa lao ilikuwa inatafuta mpishi. Yule mke, tuliyemwita Bibi, aliandika: "Sisi tunakutaka wewe. Lakini serikali yetu inataka karatasi."

Karatasi zilikuwa mbili. Cheti cha upishi, na barua ya mwajiri kuonyesha nimefanya hiyo kazi si chini ya miaka mitatu baada ya kupata cheti.

Mimi nilikuwa nimepikia shule ya wasichana miaka kumi na sita. Wasichana mia nne, uji asubuhi, isyo ya mahindi na maharagwe saa sita, ugali jioni. Cheti sikuwa nacho. Upishi nilifundishwa na mama yangu, na muhuri wake ulikuwa mwiko wa kichwa. Kusoma nilijifunza ngumbaru, darasa la watu wazima, jioni, nikiwa na mtoto mgongoni.

Nilitaka kwenda, nisijifanye mtakatifu. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, na mume wangu alianguka akipigilia mabati ya kanisa na mgongo wake haukurudi. Watoto walikuwa watano. Na tena nilitaka kupanda ndege.

Nikaanza na mwalimu mkuu. Akafungua kitabu, akakifunga.

"Mama, wewe ni kibarua. Kwa vitabu vya shule hujawahi kuajiriwa."

"Miaka kumi na sita, mwalimu?"

"Siku moja moja, mama. Umeajiriwa siku moja, mara nyingi sana."

Kwa huruma yake akaniandikia barua. Ilisema mama huyu ameonekana jikoni mara kwa mara. Hata panya wa stoo angepata barua kama hiyo.

Sokoni Matiliku kulikuwa na bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi aliyekuwa anasaidia watu na karatasi. Alitaka kuniandikia barua ya hoteli ya Mombasa, miaka kumi, mpishi mkuu.

"Mombasa sijafika," nikamwambia.

"Na Kanada umefika? Si ndiyo unataka kwenda?"

Nilimwambia siwezi kupikia wazee wa kanisa na uongo ndani ya mkoba. Akaniambia nikae na ukweli wangu, atanikuta hapo hapo.

Ikabaki mtihani wa serikali wa kupata cheti, mjini Kitui. Nililala kwa dada wa kanisa, nikafunga na kuomba, asubuhi nikaingia jiko la serikali. Wenzangu walikuwa vijana wa vyuo na kofia nyeupe ndefu. Mimi nilikuwa na kitambaa changu cha siku zote. Msimamizi, mama mmoja mwenye saa mkononi, akasoma: "Chakula cha watu wanne. Kuku, wali, mboga. Muda ni saa mbili. Andika vitu unavyohitaji uende stoo."

Nikaandika kuku watatu.

Mwenye stoo akasoma mara mbili. "Mwaitu, mama yangu, ni watu wanne."

"Nimesikia. Hao ni wale wamealikwa."

Kwetu sufuria haiishi na mgeni wa mwisho. Kuna yule anapita njiani, kuna jirani atasikia harufu, kuna mtu ameletwa na mgeni. Mwanamke ambaye chakula chake kinatosha tu, watu husema amewapima midomo. Heri moto ukuunguze.

Nikainamisha kichwa, nikaombea jiko. Mama wa saa akaandika: dakika nne.

Vijana walipeleka sahani zao, kila moja na kipande cha kuku na jani juu yake, kama kuku amelala na kufunikwa. Mimi nilipeleka sinia. Msimamizi alionja kijiko kimoja, akaonja kingine, akaita mwenzake. Mwenzake akaita dereva. Dereva akaita askari wa geti. Mwenye stoo alikuja bila kuitwa. Walipomaliza, mama wa saa akajifuta mdomo, akasoma alama. Ladha, kumi kwa kumi. Usafi, tisa. Kipimo, sifuri.

"Umeanguka, mama," akasema, na alikuwa bado anatafuna. "Rudi mwezi ujao. Watu wanne ni watu wanne."

Nikarudi nyumbani kujifunza kunyima. Mwezi mzima nilipima mchele kwa kikombe. Sisi tulikuwa saba, kwa hivyo nilipika cha saba kamili. Siku ya tatu mchungaji akaingia tukiwa tunakula. Nikatazama sufuria, sufuria ikanitazama. Nilimpa chai, na chai yenyewe ilikuwa nusu kikombe.

Alipotoka mume wangu akasema, "Mama watoto, wewe umefika Kanada tayari. Umebakisha ndege tu."

Sikucheka. Aibu hiyo niliibeba mpaka Kitui, na kwa hasira nikaagiza kuku mmoja. Nikapika cha wanne. Dereva alikuja na sahani yake mkononi, akaangalia, akarudi nayo tupu. Mama wa saa akanipa cheti, lakini safari hii hakujifuta mdomo, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kufuta.

Nikamwandikia Bibi ukweli wote: cheti ninacho, na ile miaka mitatu inaanza leo. Jibu lilikuja kabla ya Pasaka. Serikali yao haikubali miaka ya kabla ya cheti. Walinipenda sana, akasema, lakini wazee wao hawawezi kungoja miaka mitatu. Wamepata mtu mwingine.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu mwalimu mkuu akaniita. Alikuwa amesikia habari ya cheti.

"Sasa tunaweza kukuajiri," akasema. "Majaribio miezi mitatu, tuone kama utaweza kazi."

Fomu ilikuwa na pahali pa uzoefu. Nikaandika: miaka kumi na sita, shule hii. Akachukua kalamu, akapiga mstari, akaandika: hakuna.

Nikachukua kalamu kutoka mkononi mwake. Nikaandika tena, pole pole, kwa mwandiko wa ngumbaru, herufi kubwa: MIAKA KUMI NA SITA.

"Mama, hiyo fomu inaenda wilayani."

"Iende. Na mimi niende jikoni ama nikae hapa? Ni saa tatu, mwalimu, na maji ya isyo sijaweka motoni."

Akaangalia dirishani, upande wa madarasa. Wasichana mia nne walikuwa huko. Akafungua droo, akatoa muhuri, akapiga.