Gari Refu na Nyanya Yako

Siku moja naikumbuka vizuri kuliko zingine, mwanangu, na nakuandikia habari yake kwa sababu nasikia unataka gari refu, lile lililoinuka juu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, la kukupeleka ofisini na kukurudisha. Sikusoma sana na huenda nikakosea mahali. Hata hivyo nisikilize.

Miaka ya themanini ikielekea mwisho, nilipandishwa kuwa msimamizi wa stoo moja hapa Kisumu, nikanunua gari kama hilo. Kutoka kwetu Kondele hadi stoo ni lami tupu. Mama yako akaniuliza, "Kwani kati ya hapa na stoo kuna mlima gani?" Nikamwambia gari refu lina usalama. Labda ni kweli. Lakini nilipenda zaidi vile watu walivyoinua macho nikipita.

Basi mvua za masika zikiwa kali, tukaletewa habari kwamba nyanya yako, mama ya mama yako, amevimba miguu na anahema vibaya, huko kwao ndani ya Sondu. Mama yako alikuwa na dada yako Akinyi, mchanga wa siku chache, kwa hivyo nikaenda peke yangu. Niseme bila kupendelea: nilipoacha lami, tope lilikuwa la kufika magotini, na gari likapita. Gari dogo lingelala pale.

Nyumbani nikamkuta nyanya yako na jirani yake, mwanamke mzee kama yeye. Wengine wote walikuwa sokoni. Nikafungua mlango wa nyuma. Sakafu ya gari ilimfika kiunoni. Aliinua mguu, ukamshinda. Jirani akamsukuma, nusura waanguke wote wawili.

Nawe wajua desturi yetu: mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Mimi niliyezoea kubeba magunia nikasimama nikitazama chini.

"Mama, hali si nzuri. Kubali nikubebe tu."

"Unibebe, Baba Akinyi? Halafu nikipona nitajificha wapi, chini ya kitanda?"

Jirani akacheka hadi akashika mbavu. Nyanya yako hakucheka. Pumzi ilikuwa inamkatika.

"Hii gari," akaniuliza, "ulinunua ukifikiria nani?"



Nikazunguka boma nikitafuta njia. Nyuma ya ua palikuwa na mtaro mpana wa maji ya mvua. Nikateremsha gari humo, nikalisogeza kwenye ukingo mpaka sakafu ikalingana na nyasi. Nyanya yako akaingia polepole, jirani amemshika mkono, mimi nikiwa nimegeuka upande mwingine. Kutoka mtaroni magurudumu yalizunguka bure. Nikarudia, nikarudia tena, mpaka likatoka. Hospitalini wauguzi wakamshusha, na daktari akasema ni heri tumefika siku ileile.

Nimejiuliza sana haki iko upande gani. Gari lile ndilo lililovuka tope, siwezi kulinyima hilo. Lakini baada ya hapo nyanya yako alihamia kwa mjomba wako huko Awasi, kando ya lami, na kila mara ya kliniki mimi ndiye niliyempeleka. Tope lilikuwa la siku chache. Miguu yake ilikuwa ya kila siku. Nikauza gari refu, nikachukua dogo la chini, akawa anaingia mwenyewe na kufunga mlango mwenyewe.

Kazini wakanitania, "Bwana msimamizi, umeshushwa cheo?" Nikawajibu, "Nimeshushwa kiti tu." Walicheka mwezi mzima, nami sikurudi nyuma.

Kwa hivyo, mwanangu, kabla hujanunua, kaa kwanza na wale watakaopanda, uwaulize miguu yao inasemaje. Kama kazi yako itakupeleka mashambani kila wiki, nunua hilo refu na nitakuwa wa kwanza kulisifu. Kama ni la ofisini tu, ili majirani wageuze shingo, mimi nakataa, na nitakataa hata ukininunia.

Mungu akulinde barabarani, akupe watu wengi wa kuwapeleka na kuwarudisha, na mlango wa gari lako, liwe refu au fupi, usimwache mzee yeyote amesimama nje.