Kisima cha Bi Kazija

Nadra alipotoka chuoni na shahada ya uhandisi wa mazingira, Jang'ombe nzima ilimcheka. "Mhandisi wa vyoo huyo!" Hakujali. Udogoni alimuona dada yake Nusrat akifa kwa kipindupindu, akaapa atajua maji machafu yanapitia wapi. Sasa ofisi yake iko Kiembe Samaki, na kazi yake ni kupima maji ya visima.

Leo ana hasira, maana kisima kibovu safari hii ni cha kwao.

Ami yake, Jecha, alikichimba kuwa sadaka ya marehemu mama yake, Bi Kazija. Kila anayekunywa, thawabu zamfikia bibi kaburini. Mtaa mzima unachota hapo. Kisha mwaka jana ami huyohuyo kajenga vyumba vya kupangisha, akachimba karo la choo ubavuni mwa kisima! Nadra alimkataza shimo halijafika hata kiunoni. "Umesoma sana wewe," akajibiwa.

Sasa maji yamepimwa, yana kinyesi, na watoto wa jirani wanaharisha.

"Ami, kisima kifungwe leo."

"Unataka kumkatia bibi yako thawabu? Huna adabu!"

"Nnakwambia watoto wanaumwa!"

"Wamekula maembe mabichi hao."

Lo! Damu ilimchemka Nadra. Alishusha ndoo kisimani, akajaza kikombe, akamwekea mbele. "Bismillahi, ami. Kunywa, bibi apate thawabu."

Jecha alikitazama kikombe. Hakukigusa.

Mkewe, Bi Shemsa, alikuwa kando akimenya muhogo. "Hayanywi huyo," alisema bila kuinua macho. "Tangu karo lichimbwe, maji yake ya kununua yako chini ya kitanda. Hata mimi kanikataza kuyagusa ya kisima."

"Mlijua?" Nadra alipiga ukelele. "Nyote wawili mlijua, na watoto wa watu mkawaacha wanywe?"

Nadra akakinyakua kisu cha muhogo, akaikata kamba, ndoo ikaanguka kisimani kwa kishindo. Kisha akakisukuma kikombe mpaka kikagusa goti la ami yake.

"Kibebe mwenyewe. Tunakwenda kwa mama wa hao watoto, ukamweleze kwa nini wewe hukunywa."