Picha Iliyotaja Kichuguu Changu

Ninyi vijana mnaoshika simu kabla ya kunawa uso, tulieni niseme nanyi. Kupiga picha mnajua. Kubinua midomo na kupinda shingo kama kuku mwenye kideri, mnajua. Lakini picha hiyo imebeba nini kwapani, wengi wenu hamjui. Mimi niliyeishia darasa la nne ninajua, tena nimejua kwa kuumbuka.

Jambo lenyewe ni kichuguu. Nyuma ya kwetu Mlali, ukipanda kilimani, kuna kichuguu ambacho mvua za kwanza zikinyesha huota uyoga mweupe, mnono, mpana kama sahani. Mama mkwe alinipeleka huko nikiwa bibi harusi, kitenge changu hakijapauka. Akaniambia, "Hapa asipajue mtu. Hata binti yangu."

Nikashangaa. Binti wa kumzaa?

"Yule ataolewa," akasema. "Ataondoka na siri aipeleke kwa watu. Wewe umekuja kukaa."

Basi nikakaa, na siri nikakaa nayo. Binti huyo ndiye wifi yangu. Aliolewa mjini Kizota na fundi wa kuchomelea mageti, na huko ndiko alikozeekea. Kila mwaka nampelekea uyoga mkavu kwa basi, na kila mwaka akishaupokea ananipigia.

"Wifi, uyoga nimeuona. Kichuguu je?"

"Kichuguu hakipandi basi."

Anacheka, lakini mimi najua kucheka kwake. Kuna kucheka kwa mdomo na kucheka kwa moyo.

Mvua za mwaka jana uyoga ulitoka haujawahi kutoka vile. Mjukuu wangu, binti anayesoma chuo huko Dodoma, alikuwa likizo, nikaenda naye abebe kapu. Akaupiga picha pale pale kichuguuni. Nami kiburi kikanipanda. Nikamwambia, "Mtumie bibi yako wa Kizota, mate yamtoke."

Akatuma. Haikupita muda, sauti ya wifi ikaja kwenye simu: "Ndiyo huo? Mbona kama vifungo vya shati! Tena naona ukungu tu. Wifi, macho yako yamekwisha."

Nikamgeukia mjukuu. "Umetuma nini wewe?"

"Bibi, ukituma kawaida picha inapunguzwa njiani. Inapoteza ubora."

"Nani kakwambia upunguze uyoga wangu? Tuma ile yenyewe, isipungue hata chembe."

"Basi niitume kama faili."

"Hata kama gunia. Tuma!"

Siku chache baadaye nikapanda kilimani peke yangu. Nani nimkute juu ya kichuguu? Wifi, kajifunga khanga kiunoni, kapu limejaa, na panga mkononi.

"Mbukwa, wifi," akanisalimu, kama vile tumekutana kisimani.

Nikamuuliza, "Nani kakuonyesha hapa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Si umenitumia mwenyewe? Mjukuu wangu wa kule Kizota kabonyeza picha yako, ramani ikafunguka, mshale ukanileta mpaka hapa. Asante sana, wifi. Mungu akuzidishie."

Kilichoniuma zaidi ni lile panga. Uyoga wa kichuguu hauchimbwi. Unaushika shingo, unauzungusha taratibu, unatoka, na mdogo unauacha. Ukichokonoa chini, mchwa wakihama, umekula mwaka mmoja na kuzika miaka yote. Yeye alishachokonoa upande mzima. Nikageuka, nikarudi nyumbani.

Mjukuu nilimwita kwa ukali. Nilidhani ameuza siri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba haipo leo. Sema umemwambia nini bibi yako."

Akaapa hakusema neno. Halafu akanionyesha. Akaifungua ile picha, akaisukuma juu kwa kidole, na chini yake kukatokea maandishi: siku, saa, aina ya simu, na alama nyekundu kwenye ramani, juu ya kilima chetu. Alisema kamera ilikuwa imeruhusiwa kujua mahali, ndiyo maana inaandika. Picha ikitumwa kawaida, maandishi hayo yanadondoka njiani. Ikitumwa kama faili, inafika na kila kitu chake.

Nikaelewa. Ukinunua kitenge, unaangalia maua. Lakini pembeni kabisa, kwenye ukingo, kiwanda kimeandika habari zake kwa herufi ndogo, na mwenye kujua kitenge huanza kusoma ukingo. Picha nayo ina ukingo, ila umefichwa.

"Nijaribu," nikasema. "Hii hapa, uliyopiga ukatuambia uko maktaba. Isukume juu."

Akasita. Akasukuma. Alama nyekundu ilikuwa kwenye banda la chipsi.

"Bibi, nadhani umeshaelewa, tusiendelee."

Mwaka huu mvua zikaja. Sikwenda kichuguuni, niliogopa kukikuta kitupu. Nikanunua uyoga kidogo kwa jirani, nikamwamuru mjukuu, aliyekuwa likizo tena, alundike udongo kando ya shamba langu la karanga, tuupange juu yake kama umeota. Akapiga picha. Akaituma kama faili, na mimi nikasema kwenye simu, "Wifi, mama alinionyesha viwili. Hiki ndicho cha pili."

Kesho yake akafika na kapu na lile panga, simu mbele ya pua, mshale unamvuta kama mbuzi wa kamba. Mshale ukamfikisha shambani. Nilikuwa nimekaa na majembe mawili, na magugu yamezifunika karanga.

"Karibu, wifi. Uyoga mwenyewe ndio huu wa kijani. Chuma upendavyo."

Akanitazama. Akalitazama shamba. Akacheka mpaka akakaa chini, na safari hii alicheka kwa moyo.

"Wewe mchawi!"

"Mchawi ni simu yako. Shika jembe."

Tukapalilia. Tulipofika katikati ya mstari akasema bila kuinua kichwa, "Nilikuja mbio kwa hasira. Mama kaninyima mimi kimoja, nikasikia wewe kakupa viwili."

"Alisema utaolewa, utapeleka siri kwa watu."

"Nimeolewa, nimefiwa, meno yamenitoka. Sasa nitaipeleka kwa nani?"

Nikaweka jembe chini, nikamwambia, "Panga acha hapa." Tukapanda kilimani, vikongwe wawili, tukipumzika kila penye jiwe. Ule upande aliouchokonoa ulikuwa mtupu. Upande wa pili, uyoga umetoka, mchache, lakini umetoka. Nikamwonyesha shingo inavyozungushwa. Vidole vyake ni vya mama yake kabisa, nikaona aibu kuvifundisha. Tulichuma wa mboga ya siku moja, mwingine tukauacha.

Jioni mjukuu akatoa simu. Nikamzuia mkono, nikawaita wote wa nyumba hii, nikawaambia: "Kuanzia leo, uyoga utapigwa picha ukiwa ndani ya sufuria, juu ya jiko langu. Atakayeuliza umetoka wapi, mpeni jembe kwanza."