Saa ya Simu Niliyoiomba Mwenyewe

Siku ya kwanza sikupewa dawa wala koti jeupe. Nilipewa rejista ya kaya, kalamu, na utepe wa kupima mkono wa mtoto: kijani yuko sawa, manjano anakonda, nyekundu mkimbize dispensari. Sista aliyetusimamia pale karibu na Kiganjo aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la saba.

"Na kunywa chai unajua?"

Nikadhani ananicheka.

"Sikia, mama. Mgonjwa wa huku hakwambii ugonjwa kabla ya kikombe cha pili. Ukiwa na haraka utaandika uongo."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Nyinyi mnaoanza sasa mjue, mhudumu wa afya ya jamii si daktari, ingawa tuliitwa daktari hata ng'ombe akiugua. Kazi ni kuzunguka kaya zako, kuuliza, kupima, kuandika, na kumpa aliyezidiwa rufaa, yaani karatasi ya kumpeleka mbele. Kutoka Kiganjo nilihamishiwa Chaka, na huko nikaona uchafu wa kazi. Wenzetu wengine walikuwa wanapika ripoti. Mtu anaketi kwake, anajaza kaya ishirini, na hajavaa hata viatu. Mpishi mkuu alikuwa Josphat. Namtaja kwa sababu bado yuko kazini na mimi siko.

Kisha rejista zikaondolewa, tukapewa simu. Masomo yakawa ya simu, na mtihani pia. Mratibu wa Mafunzo, Bwana Gichuki, akatuita Kerugoya siku mbili. Akasema safari hii wanafunzi, yaani sisi wahudumu, ndio wataunda masomo na mtihani wao wenyewe. "Kazi ni yenu. Semeni, fundi ataandika." Fundi wa programu alikuwa binti mpole, Fridah, na vikaratasi vyake vya manjano vya kubandika ukutani.

Miaka yote hiyo sikuwa nimeulizwa kitu na mtu wa ofisi. Nikasimama. "Wekeni saa ndani ya simu. Ukifungua kaya ianze kuhesabu. Yule wa dakika mbili tujue hakwenda."

Josphat akasema, ukumbi mzima ukasikia, "Ati saa! Huyu mama amechoka kutembea, sasa anataka tukimbie?"

Watu wakacheka. Katikati ya kicheko hicho Fridah akaandika "muda wa ziara", akabandika. Jioni Bwana Gichuki akauliza kama tunaikubali saa. Mikono yote ikainuka, wangu wa kwanza. Hakuna aliyeuliza saa hiyo itamkamata nani. Hata mimi sikuuliza.

Mtihani ulikuja: ziara tano, simu mkononi. Ukianguka mara mbili unatolewa kwenye orodha. Nne nilipita. Ya tano ilikuwa kwa mjane mmoja pale Chaka, tuliyemwita Cucu, nyanya wa kila mtu. Alinipa chai, akanieleza habari za kuku wake, akamtukana jirani. Mwishowe akavua soksi. Kidonda cha sukari, alikuwa amekificha tangu mvua. Nikakiosha, nikaandika rufaa, nikafunga kaya. Simu ikawa nyekundu: ziara imezidi dakika kumi na tano, hujafaulu.

Nikarudia mtihani. Nikapitisha muda tena, kwa mtoto ambaye utepe ulisoma nyekundu na mama yake ilibidi aitwe kutoka shambani. Josphat alipata kijani zote. Alikuwa anaketi kwake dakika kumi, anafunga, anafungua nyingine.

Nikaenda kwa Bwana Gichuki. "Saa ilikuwa ya kuwashika wanaokimbia. Mmeigeuza."

Akanigeuzia kompyuta. Picha ya ukuta wa Kerugoya, kile kikaratasi katikati.

"Mama Muthoni, hili wazo ni la nani?"

"Ni langu."

"Sasa unamlalamikia nani? Imeandikwa muda wa ziara. Mimi si mganga, nijue ulichokuwa nacho moyoni."

Fridah alikuwa hapo. "Pole, mama. Nilidhani unataka watu wasipoteze wakati." Alisema kwa upole kabisa, na huo upole ndio unanichanganya mpaka leo. Josphat ni mwongo, hilo liko wazi. Gichuki aliona simu inaangusha watu wa kweli akanyamaza, au hakuona? Siku zingine namlaumu yeye. Siku zingine najiuliza kwa nini nilikaa chini haraka namna ile, kama mtu aliyemaliza kusema.

Kustaafu kwangu ndiko huko. Sikuagwa, jina lilikatwa tu. Mwezi uliopita mhudumu mpya, Njeri, alikuja kwangu na simu yake. Akanipima presha, akapima tena.

"Mathe, kuna mahali panauma?"

Kifua kilikuwa kimenibana tangu Jumapili. Nikafungua mdomo, nikamwona anaangalia kioo cha simu.

"Ni mtihani?"

"Ziara ya tano, mathe. Mtihani wa kwanza nilianguka. Imebaki dakika moja."

"Niko sawa, binti yangu. Funga."

Ikawa kijani. Akanikumbatia akicheka. Nikamsindikiza hadi langoni polepole, nikisimama kila hatua chache, nikijifanya namwonyesha mahindi.