Kitanda Kilichopitia Dirishani

Jirani yangu wa ghorofa ya juu amenunua kabati, na tangu asubuhi anakaza skrubu. Drili ikianza kunguruma, mimi huacha ninachofanya. Mlio ule, na harufu ya mota iliyopata moto ikichanganyika na vumbi la mbao, hunirudisha kijijini Kabras, magharibi mwa Kenya, miaka ya tisini, chumbani kwa kukhu, nyanya yangu mzaa mama, mwaka ambao mama yangu alifariki.

Nilikuwa na miaka tisa. Tangu matanga yaishe nilikuwa nakaa kwa kukhu nikimngoja baba aje kunichukua. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba atanichukua. Nilijiambia mwenyewe, nikaamini. Baba alikuwa seremala katika karakana moja Nakuru, na nguo zangu nilikuwa nimeshazipanga ndani ya gunia tupu la sukari.

Alifika Jumamosi moja na mbao zilizopigwa randa vizuri, zimefungwa kwenye baiskeli ya kukodi iliyosukumwa na mwenyewe. Mkononi alikuwa na drili ya betri aliyoazima kwa tajiri wake. Kijijini kwetu hatukuwa na umeme, kwa hiyo alipoibonyeza na ikazunguka, mzee mmoja jirani alimzunguka baba mara mbili akitafuta waya.

Mbao zile zilikuwa za kitanda changu. Kingeungwa nje kisingepita mlangoni, na chumba nilicholala kilikuwa cha kukhu. Kwetu mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hata kuchungulia ni aibu kubwa. Mjomba wangu, ambaye angeweza kuingia, alikuwa ameenda kukata miwa. Naye kukhu, aliposikia mkwe yuko uani, alijificha jikoni, kile kibanda kilichotazamana na dirisha la chumba chake, akawa anatuma maneno kupitia kwangu.

“Nafula, ambia baba yako chai iko tayari.”

“Nafula, mwambie kukhu nimeshukuru.”

Mimi nilisimama tu katikati, sikutamka neno, na habari zote zilifika.

Basi baba akaamua kwamba kitanda nitakiunga mimi. Alizisukuma mbao dirishani moja moja, huku uso ameugeuzia pembeni, kisha akanipa drili. Halafu akageuka, akalipa dirisha mgongo, akaanza kunifundisha.

“Pale nimeweka alama ya penseli, toboa kwanza, ndio mbao isipasuke. Ishike wima. Usiilazimishe, iache iingie yenyewe.”

Ilikuwa nzito, nikaishika kwa mikono miwili. Unga mweupe wa mbao ulizunguka ukimwagikia vidole vyangu vya miguu. Nilipomaliza kutoboa alinielekeza kuchomoa ncha ya kutobolea na kuweka ya kukazia skrubu. Ilipoanza kuruka juu ya kichwa cha skrubu kwa mlio wa kukereketa, alisema, “Hujaiegemea. Weka uzito.” Nilipogusa kitufe kisichotakiwa, skrubu ikaanza kutoka badala ya kuingia, alisema, “Hiyo inarudi. Sukuma kitufe upande ule mwingine.” Yote hayo aliyajua kwa masikio.

Nilifanya kazi ile kwa moyo wangu wote. Nilijua nikiifanya vizuri, ataona kwamba naweza kumsaidia huko Nakuru, nami nitaondoka naye. Ila ilibidi aone.

“Baba, angalia!”

“Nasikia, mama. Endelea.”

“Angalia kidogo tu.”

“Endelea, Nafula.”

Iliniuma sana. Nilitaka macho yake, na aliyonipa ni mabega na shati la kaki. Betri ilianza kuchoka, mlio ukashuka, ukazimika kabisa, na skrubu za mwisho nikazikaza kwa bisibisi ya mkono bila kusema naye.

“Lala juu yake tuone,” akasema. Nikalala. “Miguu inafika mwisho?”

“Bado sana.”

“Itafika,” akasema.

Nilipotoka na gunia langu, alikuwa ameshapanda nyuma ya baiskeli. Alinishika kichwa, akaniambia nimsikilize kukhu, kisha miwa ikamficha. Nilibaki barabarani na gunia langu. Sijawahi kuwa peke yangu kama siku ile, ingawa kukhu alikuwa ananiita nikale.

Nilikichukia kitanda kile miaka mingi. Hakikulegea wala kupiga kelele. Nilikuwa nimekiunga vizuri mno. Miguu yangu ilipofika mwisho ndipo nilipoelewa kwamba mtoto atakayechukuliwa kesho hatengenezewi kitanda cha mtu mzima. Baba alikuja akijua, nami nilijikazia skrubu za kubaki kwa mikono yangu.

Lakini ule mgongo sikuusamehe, mpaka siku moja, nikiwa msichana mkubwa, tulipokuwa tukichambua mboga na kukhu. Nikamwambia kwamba baba hakutaka hata kunitazama. Kukhu aliweka mboga chini.

“Angegeuka namna gani, na uso ule? Mimi nilikuwa hapo jikoni, nikachungulia mukhwe wangu, Mungu anisamehe. Hiyo mashini ikinguruma, anaachilia machozi. Ikinyamaza, anapangusanga kwanza, ndio anakujibu.”