Mkeka Usiofika Harusini

Saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi, Sieni Lematua anasuka. Ameketi sakafuni katika nyumba ya wasukaji kijijini kwao, kisiwani Savai'i, na jiwe limekandamiza upande uliokwisha. Saa hii umande hulainisha majani ya mkadi. Jua likipanda, yanakatika.

Mkeka ni mwembamba kama kitambaa. Sieni, mwenye umri wa miaka 63, ameusuka kwa miaka mitatu kwa ajili ya harusi ya bintiye, Vaitoa, mwezi ujao. Leo anakunja ukingo. Ila hauendi harusini.

Wiki iliyopita mwanawe, Falaniko, dereva wa pikapu ya magimbi, alimgonga Pesamino Sapolu wa kijiji jirani na kumvunja mguu. Anakiri alikuwa akienda kasi. Kesi iko polisi, naye alitaka iishie huko.

Mama yake alikataa. Kesho familia itafanya ifoga: watapiga magoti mbele ya nyumba ya aliyekosewa, wamejifunika mkeka wao bora, mpaka wenye nyumba waufunue au wawafukuze.

"Kuendesha unajua," alimwambia mwanawe. "Kupiga magoti utajifunza."

Kuna kikwazo ambacho vijiji vyote viwili vinakijua. Miaka 42 iliyopita, baada ya ugomvi wa vijana, ukoo wa Sapolu ulimpigia magoti baba yake Sieni, marehemu Eti. Hakuwafunua. Ilikuwa Jumapili. Alivaa, akawapita, akaenda kanisani.

"Alituachia mashamba mawili na hilo," anasema Sieni bila kuinua macho. "Mashamba tuligawana. Hilo kila mmoja wetu analo zima."

Akipita kijiji kile wakati wa chakula, anasema, hakuna anayemwita aingie ale, ilhali hata mgeni huitwa. Anachotaka ni Vaitoa na watoto atakaozaa waje waitwe.

Shangazi wamemtania Vaitoa kwamba ataolewa juu ya kirago cha sokoni. Anasema hana kinyongo. Kisha anaongeza: "Kidogo. Andika kidogo."

Kaka yake Sieni, mkuu wa ukoo, alishauri wasubiri Jumatatu. Sieni alishikilia Jumapili.

Siku hiyo, kabla ya mapambazuko, Sieni, kaka yake na Falaniko walipiga magoti kwenye kokoto za uwanja wa Sapolu, Falaniko akiwa katikati. Jua lilichomoza. Kengele ya kwanza ya kanisa ililia, na majirani wakapita wakitazama.

Kengele ya pili ilipolia, Tinei Sapolu, dada mkubwa wa Pesamino, alitoka amevaa nguo za kanisani. Alishuka ngazi, akafika usawa wa mkeka, akasimama.

"Mimi nilikuwa chini ya mkeka ule," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi. Nilijikojolea, dada, na baba akanikataza kunyanyuka."

Chini ya mkeka, Sieni alijibu kwamba anajua, alikuwa dirishani.

Tinei alishika ukingo kwa mikono miwili, akaufunua mkeka.

"Tokeni juani," alisema. "Chakula kipo, lakini baada ya ibada."

Pesamino, mguu ukiwa kwenye plasta, aliita kutoka ndani kwamba naye anataka kwenda, na aliyemvunja mguu ndiye atakayembeba. Falaniko aliinama, akambeba mgongoni.

Waliingia kanisani wimbo wa pili ukiimbwa.