Tangawizi ya Waliochelewa

Juzi nilikuwa Njombe nikiwafundisha matabibu wasidanganywe na matokeo ya utafiti. Kwa mbwembwe nikagawa chai, wengine ya tangawizi, wengine ya rangi tupu, kisha tukapimana mapigo ya moyo. Ya waliokunywa tangawizi yalikuwa juu sana. Nikatamba kwamba tangawizi inaamsha moyo, ushahidi huo hapo.

Sista mmoja muuguzi akanyoosha mkono. "Mwalimu, tangawizi si uliwapa waliochelewa, ukiwaonea huruma kwa baridi?"

"Ndiyo, Sista."

"Hao basi la Makambako limewashusha stendi, wamepanda mlima huu mbio."

Darasa likacheka, nami nikacheka mpaka machozi. Nikageukia ubao nijifiche, nikakutana na mwandiko wangu wa asubuhi: "Makundi yapangwe kwa kura."